Nilimwandikia "Hakurudi" Mwanamke Niliyemwona Amerudi

Kabla sijakiri lolote, naomba nitenganishe niliyoyaona na niliyoyasikia, kwa kuwa kuyachanganya hayo mawili ndiko kulikonifikisha hapa. Niliyoyaona ni haya: meza ya mapokezi ya zahanati, mwanamke mjamzito mwenye miguu iliyovimba, na mkono wangu wa kulia ukiandika neno moja katika daftari. Niliyoyasikia ni yale yaliyompata mwanamke huyo nyumbani kwake, na jinsi alivyobebwa kupelekwa hospitali. Sikuwapo. Nitayataja kama mambo ya kusikia, na nikifika mwisho wa yale ninayoweza kuyaapia, nitanyamaza.

Mkosaji ni mimi. Simtafuti wa kugawana naye kosa. Nilipewa nafasi ya kutosha ya kukosea peke yangu, nikaitumia yote.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Sikuzaliwa Manyara. Nililetwa na barua ya uhamisho nikiwa bado na nywele nyeusi, nikafundisha shule ya Tumati, nikafundisha ya Daudi, kisha nikahamishiwa Hanang, na nilipostaafu nikajenga upande wa Gehandu, mahali ambapo mlima Hanang nauona nikiwa bado kitandani. Nimeishi na watu wa huku kwa zaidi ya miaka thelathini. Katika miaka hiyo nimewasahihisha wenyeji mambo mengi sana. Nafasi ya kuwauliza sikuwahi kuipata.

Ninalo daftari kubwa la jalada gumu. Juu yake niliandika kwa wino mweusi: "Mila na Desturi za Wenyeji." Ndani yake kuna Wairaqw, kuna Wabarbaig, kuna namna wanavyooa, wanavyozika na wanavyogombana. Mtu akilifungua leo atafikiri mwandishi alilala katika maboma yao miaka mingi. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa niliiandika katika ofisi ya walimu, wakati wa chai, nikisimuliwa na walimu wenzangu ambao nao walikuwa watu wa kuja kama mimi. Ukurasa mmoja unasema: "Mwanamke wa Kibarbaig ni mkaidi kwa maumbile, akinyamaza, aongezewe ukali." Chanzo cha elimu hiyo ni mwalimu wa hesabu, ambaye naye aliipata kwa dereva wa lori la mahindi.

Maisha yangu yote nimechukia uvumi. Wanafunzi wangu waliokuja na "nimesikia" niliwarudisha wakasimame nje. Uvumi wa wengine niliuita uvumi. Wa kwangu niliuita utafiti.

Mwaka huo zahanati ya masista iliyo karibu nasi ilipata mkunga kutoka India. Nitamwita Sista Roza, na si jina lake. Jina lake ninalijua, ila nimejifunza kwa gharama ya mtu mwingine kwamba si kila jina linalojulikana ni lazima litamkwe. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani, anayecheka kwa mabega. Kiswahili alikifahamu kidogo, utamaduni wetu hakuufahamu kabisa, na wenzake wakauliza ni nani atakayemfundisha vyote viwili. Kijiji kizima kilinitaja mimi. Nilijifanya nafikiri siku mbili, kisha nikakubali.

Nilimfundisha kila alasiri barazani kwangu. Shikamoo aliishika siku ya kwanza, na kwa wiki nzima akawaamkia hata watoto wa chekechea, nao wakamjibu marahaba kwa raha zote. Nilimsomea daftari langu ukurasa kwa ukurasa. Alisikiliza vizuri, ila alikuwa na ugonjwa mmoja ulionikera: aliuliza.

"Mwalimu, hili uliona?"

"Hili linajulikana, Sista."

"Ndiyo. Lakini uliona?"

Siku nyingine aliniambia alikaribishwa katika boma la Wabarbaig akanywa maziwa ya kibuyu.

"Wewe, Mwalimu, unapenda ya kibuyu au ya moto?"

Nikamwambia sijawahi kunywa kwao.

"Miaka thelathini?" akauliza.

"Nilikuwa na kazi," nikajibu, na nikamrudisha kwenye ngeli.

Jumatano ilikuwa siku ya kliniki ya wajawazito. Kwa kuwa nina mwandiko mzuri, na kwa kuwa sikuhitaji kuombwa mara mbili, nilikaa kwenye meza ya mapokezi nikiandika majina huku Sista akipima chumba cha pili, mlango wazi. Mganga mfawidhi alikuwa likizo mwezi ule. Mama Paskalina, mhudumu wetu, Mwiraqw wa kijiji cha Daudi aliyeolewa huku, alikuwa akipanga watu foleni na kufuta sakafu. Kidatoga, ambayo ndiyo lugha ya Wabarbaig, yeye alikisema. Mimi sikukisema, na sikuona kwa nini nimuulize mfuta sakafu chochote.

Ndipo akaja yeye. Nitamwita Uda. Wanawake wengi wa Kibarbaig majina yao huanza hivyo, kwa hiyo sitakuwa nimemtaja yeyote. Alikuwa na sketi ya ngozi na bangili za shaba mkono mzima, na miguu yake ilikuwa imevimba hadi kamba za viatu vyake vya matairi zimezama katika nyama. Sista alimwona kutoka chumba cha pili, akampitisha mbele ya wengine, akampima, akatoka nje na uso tofauti.

"Presha juu sana," aliniambia kwa sauti ndogo. "Mimba kubwa tayari. Huyu anahitaji hospitali. Mwalimu, andika barua ya rufaa."

Nikachukua kalamu. Jina lake alilisema. Kijiji alikisema. Umri alikadiria.

"Jina la mume."

"Yuko na ng'ombe, mbali," akajibu kwa Kiswahili cha shida.

"Sikuuliza yuko wapi. Jina lake. Majina yote mawili, la kwake na la baba yake."

Akanyamaza. Nikarudia. Akatazama chini, akavuta ncha ya shuka akafunika mdomo. Mama mmoja nyuma yake katika foleni akasema, "Mzee, huyo hawezi..."

"Nimemuuliza yeye," nikamkata. "Kila mtu atajibu la kwake."

Nyinyi mnaosoma mmeshaelewa. Mama yule wa nyuma alikuwa jirani yake, na jina nililolitaka alilijua kama anavyolijua la kwake. Lilikuwa umbali wa hatua moja kutoka kwenye meza yangu. Lakini mimi nilikuwa nafuata utaratibu.

Nikakumbuka ukurasa wangu, nikaongeza ukali. Nilimuuliza yule mwanamke, mtoto asiye na baba kwenye karatasi ni mtoto wa nani? Nilisema kwa sauti ya darasani, ile iliyokuwa ikifika mpaka bustani ya shule. Hakulia. Aliendelea kutazama chini, na kimya chake nikakiandika katika kichwa changu kama ushahidi wa ukaidi.

Sista akanivuta pembeni.

"Mwalimu, samahani. Labda anakatazwa? Bibi yangu, kule kwetu, hajatamka jina la babu mpaka anakufa. Akimwita, anagonga sufuria. Labda hapa pia kuna jina hawezi kusema."

Ninayakumbuka maneno yake yote kwa sababu yalikuwa ukweli mtupu, na kwa sababu jibu langu lilikuwa hili: "Sista, hiyo ni India. Hapa ni Hanang. Kama kungekuwa na desturi hiyo, ningekuwa nimeiandika."

Alikuwa mgeni wa miezi mitatu. Aliniamini kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mwalimu. Nikamweleza kwamba barua ya rufaa bila jina kamili la mume haipokelewi popote, ndiyo serikali ilivyo. Sheria hiyo sijawahi kuisoma mahali. Niliisikia.

Alimpa Uda vidonge vya wiki moja, akamshika mikono yote miwili. "Jumatano rudi. Lazima. Hata jina hakuna, wewe rudi." Kisha akanigeukia. "Presha ikipanda tena, mama hatari, mtoto hatari. Wote wawili. Mwalimu, Jumatano akija, usimpange foleni. Mlete kwangu moja kwa moja."

Nikasema sawa.

Jumatano iliyofuata alikuja.

Naomba hapa niandike polepole. Watu walikuwa wengi, na Mama Paskalina alikuwa nyuma ya jengo akifua mashuka. Nilikuwa nimeinama kwenye daftari, nikainua uso, nikamwona ni wa tatu katika foleni. Uso ulikuwa umejaa kuliko wiki iliyopita. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, ameishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika kitu cha moto. Niliagizwa nimpeleke kwa Sista moja kwa moja. Sikumpeleka. Nilijiambia kwamba nidhamu ya foleni ni nidhamu ya taifa.

Alipofika wa pili alininyooshea ile karatasi kupitia bega la mwenzake. Nami, mbele ya watu wote, nikamuuliza: "Ehe, leo umelikumbuka jina la mume wako, au umelisahau tena njiani?"

Wanawake wawili wa mjini waliokuwa kwenye benchi walicheka. Nami nikacheka kidogo, kicheko cha mwalimu aliyefurahishwa na utani wake mwenyewe. Niliitazama ile karatasi na sikuipokea. "Zamu yako bado," nikasema.

Uda akairudisha karatasi ndani ya shuka. Akageuka. Nilimwona kupitia dirishani akikata njia ya shamba la alizeti, akitembea taratibu kama mtu aliyebeba maji kichwani. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na dakika kumi. Nilikuwa na sauti ya kumwita. Nimekwisha kuwaambia sauti yangu hufika wapi.

Mchana Sista akauliza kutoka ndani: "Mwalimu, yule mama wa presha?"

"Hajaja," nikajibu.

Sikupanga kusema hivyo. Lilitoka lenyewe, jepesi, kama jibu la mtoto aliyeulizwa nani kavunja kioo. Nikadhani atakuja tena kesho, na neno langu litakuwa halijamdhuru mtu. Jioni, wakati wa kufunga, Sista akaniomba niweke kumbukumbu. Nikafungua daftari la wajawazito, na kwenye mstari wa Uda, kwa mwandiko ule unaosifiwa kata nzima, nikaandika: "Hakurudi."

Mimi, niliyewafukuza watoto darasani kwa kusema wasiyoyaona, niliandika kwamba sikuona nilichokiona.

Wiki moja na siku chache zikapita. Siku moja nilikuwa nikilalamika kwa Mama Paskalina, kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwapo wa kunisikiliza, juu ya watu wasiojua hata majina ya waume zao. Alikuwa akikamua tambara la sakafu. Akalikamua mpaka likaisha maji, ndipo akasema:

"Mwalimu, anajua."

"Sasa kwa nini hasemi?"

"Jina la pili la mume si ndiyo jina la baba mkwe? Mwanamke wa Kibarbaig hatamki jina la baba mkwe wake. Hata neno la kufanana na hilo jina hasemi, anatafuta lingine. Hata umpige hasemi. Ni heshima hiyo. Kwao akilisema ni kama amemvua mzee nguo."

Nikamuuliza kwa nini siku zote hizo hakuniambia.

"Hukuuliza," akasema. "Halafu wewe ndiye unafundisha mila."

Hakuna mkaguzi wa elimu aliyewahi kunifunga mdomo kama mama yule mwenye ndoo.

Nilimwambia Sista habari ya jina. Ile ya Jumatano sikuisema. Hakunilaumu. Alifungua daftari, akasoma "Hakurudi" kwa sauti, Mama Paskalina akisikia, akahesabu siku kwa vidole, akafunga mkoba wake wa vipimo. Kesho yake asubuhi tulikwenda sisi watatu kwa gari la zahanati, Mama Paskalina akielekeza njia katikati ya mashamba ya mbaazi, hadi boma la akina Uda.

Tulichelewa kwa siku nne. Haya sasa ni ya kusikia, na nayaandika kama nilivyoyasikia: kwamba alfajiri moja alishikwa na kifafa cha mimba, kwamba wanaume walimbeba kwa blanketi hadi barabarani, wakapata gari la vitunguu, kwamba hospitali ilimwokoa yeye, kwamba mtoto, wa kiume, hakuokoka. Alikuwa amerudishwa nyumbani jana yake. Sista aliingia ndani kumwona, ingawa tuliambiwa bado hana nguvu ya kuzungumza. Mimi niliambiwa nisubiri nje, na huko nje, kwenye kigoda chenye miguu mitatu, alikuwa amekaa baba mkwe.

Nilimpa mkono. Ni mkubwa kwangu kwa umri, nikamwamkia, akaitikia. Alizungumza Kidatoga, Mama Paskalina akatafsiri akiwa amesimama katikati yetu.

"Anauliza, wewe ndiye wa mezani?"

Nikasema ni mimi.

"Anasema umemtafuta sana. Anasema ungekuja tu." Kisha mzee akalitaja jina lake, lote, pamoja na la baba yake, akalitaja mara mbili kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe. Mama Paskalina akasikiliza, akasema: "Anasema hilo hapo. Anauliza kama ni zito, na kama unahitaji watu wa kukusaidia kulibeba."

Mzee akaingiza mkono ndani ya shuka lake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaniwekea kiganjani. Niliitambua kabla sijaifungua. Ndani, kwa kalamu ya bluu na mwandiko mbovu, yalikuwa majina mawili: la mwanawe na la kwake.

"Anasema alimwambia mwenye duka la hapo njiani amwandikie, kwa kuwa mkwe wake hawezi kutamka na wewe huwezi kukubali. Anasema alimpa aipeleke siku ile mliyomwambia arudi. Akaenda nayo, akarudi nayo. Anauliza..." Mama Paskalina hakuwa na tambara lake la sakafu, akajifuta mikono mitupu kwenye kanga. "Anauliza kama na karatasi ina makosa."

Nikamwambia mzee karatasi haina makosa.

Sista alikuwa bado ndani. Mama Paskalina alinitazama, na nikaona kwamba amelikumbuka lile neno katika daftari. Tulipokuwa tukitembea kulifuata gari, Sista akiwa mbele yetu, aliniambia bila kugeuza kichwa: "Mwalimu, mimi ni mdogo kwako. Sitakusemea. Utalisema mwenyewe."

Kuna watu hunyamaza kwa heshima, na nilikuwa nimeshakutana na wawili, Uda na Mama Paskalina. Mimi nilinyamaza kwa woga, na kwa mbali mtu angeweza kudhani tunafanana.

Nilinyamaza karibu mwezi mzima. Sista aliacha kuja barazani. Nilipomuuliza, aliniambia lawama ni yake: Kiswahili chake kibaya ndicho kilichomfukuza yule mama, labda alimshika mikono vibaya, labda hapa mgeni hashiki mikono, angejifunza zaidi kwanza, ndipo aguse watu. Alikuwa ameanza kufunga kula kila Jumatano. Mwanamke aliyekisia ukweli wote kwa kumkumbuka bibi yake na sufuria alikuwa sasa anaomba msamaha kwa kosa langu, kwa lugha niliyomfundisha mimi, na bila kosa hata moja la ngeli. Nami nilimsikiliza nikatikisa kichwa kwa huruma. Mnaweza kuamini? Kwa huruma.

Kilichonivunja ni kitu kidogo. Nilikwenda Katesh kununua mafuta ya taa na sabuni, katika duka la mzee mmoja wa Kondoa ninayemheshimu. Walikuwa watatu hapo, wakizungumza habari ya mtoto yule.

"Hawa hawapendi hospitali," mmoja akasema. "Ndivyo walivyo. Akiitwa, haji."

"Usiseme hivyo bila kujua," mwenye duka akamwambia. "Mambo ya kusikia hayo."

"Ya kusikia wapi? Imeandikwa. Kliniki kwenyewe daftari linasema hakurudi. Kaandika Mwalimu huyu hapa, mwulize. Mwalimu, si kweli?"

Wote wakanigeukia. Mwenye duka alikuwa na mizani mkononi, akisubiri. Watu wanajua sisemi nisichokiona; ndiyo sifa yangu, ndiyo mali yangu yote. Na hapo nikaona mali hiyo inavyofanya kazi. Ukurasa wangu wa ofisi ya walimu ulikuwa umezunguka miaka yote hiyo, umerudi kwangu ukiwa umevaa shati jipya, ukiniomba nipige muhuri. Mwanamke aliyekuja mara mbili kwa miguu iliyovimba alikuwa amegeuzwa mwanamke asiyependa hospitali, na uthibitisho ulikuwa mwandiko wangu.

"Si kweli," nikasema. Nikaacha sabuni juu ya kaunta.

Sista nilimkuta kwenye ngazi za zahanati akichambua mchele. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kama mwanafunzi, kwa sababu sikuona ni haki nikae. Nilimwambia habari ya foleni, ya karatasi, ya utani wangu, ya dirisha na alizeti. Nilimwambia kwamba Kiswahili chake hakikumfukuza mtu.

Aliacha kuchambua. Kisha akauliza lile swali lake la barazani:

"Hili uliona?"

"Niliona."

Aliingia ndani, akatoka na daftari la wajawazito na kalamu, akaviweka juu ya ngazi mbele yangu. "Andika," akasema. Hakuongeza neno, na tangu siku hiyo hajaniuliza swali lolote. Ananiamkia shikamoo, ananipita. Mila anafundishwa na Mama Paskalina, nyuma ya jengo, huku wakifua mashuka. Nawasikia wakicheka. Mezani anaandika binti aliyezaliwa hapa hapa, mwandiko wake ni kama kuku kapita kwenye matope, na nimeambiwa hakuna mjamzito aliyeondoka bila kadi. Hilo nimelisikia tu, ila nakubali kuliamini.

Kwa Uda sijakwenda. Nilimtuma Mama Paskalina aulize kama naweza kufika kuomba radhi, akarudi na jibu la mzee: nisubiri niitwe. Sijaitwa. Daftari langu la mila nimelifunga, na kila mstari ambao sikuuona nimeuchora msalaba kwa wino mwekundu. Nimebakiwa na kurasa nne, moja yake ni ya hali ya hewa.

Wewe uliyepangiwa kazi mkoa usio wako, au nchi isiyo yako, au uliyeombwa kumfundisha mgeni mambo ya majirani zako: usinywe chai ofisini ukaita utafiti. Nenda ukanywe maziwa ya kibuyu. Mtu akinyamaza mbele ya meza yako, kabla hujamwandikia tabia, muulize aliye nyuma yake katika foleni. Na ukiwa una sifa ya kusema kweli, iogope sifa hiyo kama moto, kwa kuwa siku utakayosema uongo hakuna atakayekubishia.

Watu wanaendelea kusema mengi juu ya mwanamke yule. Wengine wanasema alirogwa, wengine wanasema alikataa dawa, na sasa wapo wanaosema mwalimu amezeeka, amechanganyikiwa, anajisingizia. Hayo siwezi kuyathibitisha wala kuyakanusha yote. Ninaloweza kuliapia ndilo nililoliandika siku ile kwenye ngazi, juu ya neno la zamani, ambalo nililikata kwa mstari mmoja ili lionekane chini yake:

Alirudi. Nilimwona mimi. Ilikuwa Jumatano, saa nne na dakika kumi asubuhi, akiwa wa pili kutoka mezani, na karatasi ilikuwa mkononi mwake.